Tulipolibomoa Jiko la Mama

Hapa kwetu pwani kijana akioa watu husema amepata jiko. Nilipoolewa Kiwangwa niliuchukulia usemi huo kuwa ni mzaha wa barazani tu, hadi jioni moja ya mwezi Februari mwaka jana, nilipomwambia mama mkwe wangu, mbele ya wanawe wawili, kwamba jiko lake yafaa libomolewe. Mama hakunijibu. Aliokota ungo wake, akainama, akaingia humo humo jikoni tulimotaka kumtoa, akarudishia mlango.

Sababu tulikuwa nayo, na ilikuwa nzito. Jiko lenyewe lilikuwa banda la miti na udongo, limeezekwa makuti, hatua kumi nyuma ya nyumba kubwa. Halikuwa na dirisha hata moja. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, na juu ya mafiga palikuwa na uchaga wa fito uliobeba mahindi ya mbegu. Kuta zilikuwa nyeusi na kung'aa, mithili ya lami. Mama amepika humo tangu alipoletwa akiwa mwari, na kwa miaka mitatu kikohozi kilikuwa kikimwamsha kila usiku wa manane. Tulipompeleka kituo cha afya, mganga alimuuliza kwanza anapikia nini na anapikia wapi, kabla hata hajamwekea chombo kifuani.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani. Nchini kwetu, Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Habari hizo nilizijua vizuri, kwani ndiyo kazi yangu. Nililokuwa silijui ni jiko.

Mipango yote tuliifanyia Dar es Salaam, sebuleni petu, juu ya karatasi. Mume wangu na shemeji yangu walichora chumba cha mita 3 kwa mita 2 na nusu, wakapiga hesabu ya matofali: kila mita moja ya mraba ya ukuta hula matofali kama tisa hivi ya inchi sita, kwa hiyo ukiondoa mlango na dirisha, matofali 210 yangetosha. Walihesabu saruji, mbao, mabati na wavu wa dirishani. Mimi nilichangia meza ya saruji ya kupikia, yenye kimo cha sentimeta 85, kama ile niliyonayo mwenyewe mjini. Hakuna aliyeuliza Mama hukaa wapi anapokuna nazi.

Nakiri kwamba hata wataalamu wakubwa walipatwa na hayo. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mbunifu mmoja mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo la nyumba za wafanyakazi, mita 1.9 kwa mita 3.4, ambalo ndilo mama wa majiko ya kisasa tunayoyaona leo katika nyumba za ghorofa. Aliyapima mapishi kwa saa na kwa hatua, ili mama asizunguke bure. Ilikuwa kazi ya maana sana. Hata hivyo mwenyewe alieleza baadaye kwamba upishi haukuwa jambo lililowahi kumshughulisha maishani; na waliolitumia waliliona jembamba mno kwa watu wawili. Sasa wewe fikiria jiko la Kiwangwa siku ya hitima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la majira. Fedha za mananasi zilikuwa zimeingia, likizo ya mume wangu ilikuwa Machi, basi tukaanza Machi. Kila mkazi wa pwani anajua kwamba Machi hadi Mei ni masika. Anayetaka kujenga kwa utulivu na aanze Juni, ardhi ikishakauka, ili aezeke kabla ya vuli ya Oktoba. Sisi tulibomoa Jumatatu. Mvua ikanyesha Alhamisi, na msingi ukawa kidimbwi cha bata.

Kosa la pili ni matofali. Tuliyanunua kwa mtu aliyeyafyatua juzi na kutuuzia leo. Tofali la saruji hapana budi limwagiliwe maji siku zisizopungua saba na kuwekwa kivulini. Likikaushwa na jua peke yake hukauka bila kukomaa. Yetu yaliposhushwa kutoka garini, kila tofali la nne lilivunjika kama biskuti. Baada ya hapo tulinunua saruji wenyewe na kufyatulia uani. Mfuko mmoja wa kilo 50 utoe matofali 30 hadi 35 ya inchi sita; fundi akikuambia atatoa 50, mshukuru na umtafute mwingine.

Lakini hasara ya matofali ni ya fedha, na fedha hurudi. Jambo ambalo hatukuliweka kabisa katika karatasi yetu ni hili: watu tisa wale wapi, na chakula kipikwe wapi, wakati jiko halipo? Tulikadiria wiki tatu. Zikawa kumi na moja.

Mama alihamishia mafiga chini ya mkorosho. Mvua iliponyesha alihamia barazani kwa jirani, akaazima jiko. Msomaji uliyewahi kuazima jiko la mwenzio unafahamu. Siku ya kwanza unakaribishwa kwa vigelegele. Siku ya tano unasubiri mwenyeji amalize, huku watoto wako wanalia njaa. Siku ya kumi chumvi imepungua na hakuna anayesema imepungua. Mama, ambaye katika umri wake wote hakuwahi kuomba moto nyumba ya pili, alianza kupika mara moja tu kwa siku. Sisi tulikuwa mjini, tukituma fedha kwa simu na kuuliza linta imefungwa au bado.

Kisha, katika wiki ya sita, upepo uliangusha sufuria ya uji pale chini ya mkorosho. Mjukuu wa miaka minne alikuwa amesimama karibu mno, kwa kuwa uwanjani hapana ukuta wala mlango wa kumzuia mtoto. Uji ulimmwagikia mguu. Bahati ni kwamba Mama hakupaka dawa ya meno wala mafuta kama wengi wafanyavyo. Alimmwagia mtoto maji baridi ya mtungi kwa muda mrefu, dakika ishirini nzima kama inavyoshauriwa, ndipo akampeleka kwa mganga. Mguu umepona na kovu limebaki. Nilipofika Kiwangwa Jumamosi ile, Mama alinionyesha bandeji, akaniambia maneno machache tu: "Mwanangu, jiko langu lilikuwa jeusi, lakini lilikuwa na mlango."

Hayo yalinikaa moyoni. Laiti tungetumia siku mbili za mwanzo kujenga kibanda cha muda, nguzo nne, makuti juu, uzio wa fito kimo cha kiuno, pamoja na mafiga yaliyochimbiwa ardhini kidogo ili sufuria isiyumbe! Gharama yake isingefikia mifuko mitatu ya saruji.

Mwishoni mwa Mei jiko jipya likakamilika. Lilikuwa na bati, dirisha la wavu na sakafu laini ya saruji. Fundi wa majiko banifu alijenga jiko la udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani, lenye matundu mawili na dohani inayopita paa. (Jiko la namna hiyo lisiwashwe moto mkali kabla ya kukauka wiki mbili au tatu, la sivyo litapasuka, kwa hili walau tulitii.) Shemeji alileta mtungi wa gesi wa kilo sita. Tukapiga picha. Mama alipika humo siku moja. Kesho yake alfajiri nilisikia kuni zikipasuliwa nje: alikuwa amerudi chini ya mkorosho.

Mume wangu alikasirika, akataka kumwuliza. Nikamsihi aniachie mimi. Niliketi na Mama siku nzima, toka chai ya asubuhi hadi vyombo vya usiku, nikimenya na kuosha, nisiseme neno juu ya jiko. Ilikuwa siku ambayo ningestahili kuitumia mwezi Januari.

Niliona kwamba Mama hupika ameketi. Kigoda chake kina kimo cha kiganja na nusu, na kila kitu chake kimepangwa kufuata kigoda hicho. Meza yangu ya sentimeta 85 ilimfika kifuani. Kutazama ndani ya sufuria ilimlazimu asimamie vidole. Niliona kwamba kinu hakiwezi kukaa juu ya sakafu ya saruji nyembamba: alikuwa amejaribu kutwanga kisamvu mara moja na ufa ulikuwa tayari umetoka ukutani hadi mlangoni. Niliona pia kwamba mlango wa zamani ulitazama njia itokayo barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, naye akiwa motoni aliwaona wajukuu wakirudi shule, kuku, na mgeni kabla hajapiga hodi. Mlango wetu ulitazama ukuta wa nyumba kubwa.

La mwisho alinieleza yeye, jioni, huku akipeta. Mahindi ya mbegu yaliyokuwa juu ya uchaga tuliyashusha tukayaweka gunia stoo. Mwezi wa pili dumuzi walikuwa wameyatoboa yote. Moshi ule ule uliomla kifua ndio uliolinda mbegu; hukausha punje na kufukuza wadudu, na makuti nayo hudumu kwa ajili yake. Hakuna aliyemwambia kwamba moshi ukiondoka lazima kazi yake ipewe mwingine. Alikuwa ameazima mbegu kwa nduguye na hakutaka wanawe wajue.

Basi tulianza upya, safari hii Mama akiwa msimamizi. Meza ilivunjwa, ikajengwa ya kimo cha sentimeta 40 upande mmoja, na upande wa pili ikaachwa ndefu kwa ajili yetu wakwe tunaosimama. Mlango wa pili ulitobolewa kuelekea njiani. Nje ya mlango huo tuliezeka kibaraza cha udongo uliopigwa, ndiyo makao ya kinu na mbuzi ya nazi, na pembeni yake akadai kichanja cha vyombo, kama kile alichofundishwa kukijenga msichana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, walipokuwa wakikusanyika kusikiliza redio. Chini ya ukuta, karibu na sakafu, tuliacha tundu la hewa, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini. Dirisha la juu pekee haliitoi. Mbegu sasa hukaushwa juani barabara, kisha hutiwa katika madumu makavu yaliyojazwa hadi shingoni na kufungwa kabisa. Dumuzi wakikosa hewa hufa.

Gesi huitumia kwa chai na kupasha kiporo. Maharage na makande hupikwa katika jiko la udongo, na moshi hutoka kwa dohani. Kikohozi hakijaisha, mganga ametuambia kwamba kifua cha miaka arobaini motoni hakisafishwi kwa miezi. Ila usiku huamka mara moja, na kuna siku halali tu bila kukohoa bali hata koroma yake husikika hadi chumbani kwetu.

Mafiga matatu ya zamani bado yako chini ya mkorosho. Nilipokwenda mwezi uliopita niliuliza kama tuyatupe. Mama aliniambia niende nikamletee kigoda.