Imethibitishwa na Nani? Kiswahili, Rununu na Madai ya Tiba

Katika makundi ya WhatsApp ya jamaa, ya vyama na ya waumini, ujumbe wa afya una umbo ambalo msomaji wa Kiswahili amekwisha kulizoea. Dawa fulani "imethibitishwa" kutibu kisukari. Shangazi ya fulani alikunywa maji ya mwarobaini, akapona. Mwenye kuwapenda jamaa zake na ausambaze. Anayeupokea ni mtu mzima ajuaye kusoma, pengine aliyepitia darasa la ngumbaru baada ya Kenya kuunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979. Herufi anazimudu. Kulihoji dai hakufunzwa, na anayelipia pengo hilo ni mgonjwa anayeacha vidonge vya hospitali.

Kwamba ustadi huo hufundishika si jambo la kubahatisha. Nchini Uganda, mradi wa Informed Health Choices uliandaa vipindi vya sauti, kwa Kiganda na kwa Kiingereza, vya kuwafunza wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi kuyapima madai ya tiba. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliovisikiliza waliwazidi wenzao waliosikiliza matangazo ya kawaida ya afya. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya ustadi huo ilikuwa imefifia. Hapo ndipo programu ya rununu inapofaa: mtu mzima hatarudi darasani kila mwezi, ilhali simu anayo kutwa, na somo fupi laweza kumrudia mara kwa mara.

Swali ni somo hilo litungwe vipi. Wapo wanaodhani kwamba yatosha kuichukua programu ya Kiingereza na kuitafsiri. Rai hiyo ni dhaifu, kwa kuwa upotoshaji wa Kiswahili una sarufi yake. Na litazamwe neno "imethibitishwa". Kauli ya kutendwa humwezesha mtunzi kumficha mtenda; kwa hivyo somo la kwanza lingekuwa kumzoeza msomaji kuuliza: na nani? kwa wagonjwa wangapi? wakilinganishwa na akina nani? Kisha liangaliwe fungu "alikunywa, akapona". Kiambishi -ka- huonyesha tu kwamba tendo moja limefuata jingine, lakini sikio husikia sababu. Homa nyingi hupoa zenyewe. Huenda shangazi angepona hata kwa maji matupu. (Mwarobaini, unaosemekana kutibu maradhi arobaini, jina lake lenyewe ni dai.) "Dawa" nayo hubeba kidonge, hirizi na hata ya mbu. Tena, kati ya kutibu na kuponya pana umbali ambao wachuuzi wa mtandaoni huufuta makusudi: kisukari hutibiwa kwa miaka mingi, ila kwa wagonjwa walio wengi hakiponi.

Haya ni maarifa ya darasa la isimu la mwaka wa kwanza, ndiposa ukimya wa idara za Kiswahili unashangaza. Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huitwa kazi ikiwa imekwisha, aitafsiri kwa siku mbili, ilhali alistahili kuwapo wakati maswali yenyewe yalipokuwa yakitungwa.

Yaweza kudaiwa kwamba wengi bado hutumia mulika mwizi, na kwamba bando ni ghali. Ni kweli, lakini si kizuizi. Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health huyajibu maswali ya kina mama wajawazito nchini Kenya kupitia ujumbe mfupi, pasi na kuhitaji simu ya bei. Huduma hiyo hutoa majibu. Inayokosekana ni ile ya kufunza kuuliza. Nafasi ya herufi 160 yatosha dai moja na swali moja: "Jirani alikunywa, akapona. Je, waliokunywa wasipone ni wangapi?"