Mwanetu amefika wapi?

Muulize mzazi yeyote miongoni mwetu mwanawe amefika wapi madrasa, naye atakujibu bila kusita: amehitimu Juzuu Amma, au yumo katika Suratul-Fiyl na bado inamsumbua. Tunalijua hilo kwa sababu mwalimu wa madrasa hamvushi mtoto kwenda sura nyingine kabla ya kumsikiliza ile ya kwanza, na mtoto naye akirudi nyumbani hudurusu kwa sauti, mama akimsikia kutoka jikoni na bibi akimsahihisha. Lakini muulize mzazi huyo huyo mwanawe wa darasa la pili amefika wapi katika hesabu. Aghalabu atasema: "Tunasubiri ripoti ya muhula."

Ripoti hiyo huja mara mbili tu kwa mwaka, na mwaka wa masomo nchini Tanzania una siku 194, yaani takriban wiki 39. Anayeitegemea hiyo peke yake hupata habari wakati muhula umekwisha na mwalimu amekwishasonga mbele. Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekewa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa sababu masomo yote yajayo husimama juu ya hayo matatu. Mtoto asiyeweza kusoma sentensi akifika darasa la tatu, hatashindwa Kiswahili pekee. Atashindwa na sayansi pia, kwani hata swali lenyewe hatalielewa.

Ndiyo maana tunawashukuru walimu wanaowaandikia wazazi kila mwisho wa wiki, iwe katika daftari la mawasiliano, karatasi au ujumbe wa simu. Mistari mitatu yatosha: kilichofundishwa, kilichomshinda mtoto, na kitakachofuata.

Hata hivyo, taarifa isiyosomwa haina faida, na katika hili sisi wenyewe tumekosa. Nyumbani kwetu daftari lilirudi kila Ijumaa, nasi tukalitia saini Jumatatu asubuhi, mtoto yuko mlangoni amekwishavaa viatu. Siku tulipoketi kulifungua kurasa zote, tulikuta wiki ya kwanza mwalimu ameandika: "Anachanganya b na d." Wiki ya pili, vivyo hivyo. Wiki ya sita: "Mzazi, naomba tuonane." Na chini ya kila mstari ilikuwapo saini yetu. Tulipomuuliza mtoto kwa nini hakutuambia, alijibu kwa upole: "Nilidhani mmesoma."

Mwalimu alitimiza wajibu wake, na mtoto aliufikisha ujumbe. Amana ilipotea mikononi mwetu.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu mwepesi. Ijumaa baada ya Magharibi, begi hufunguliwa mbele ya baba na mama wote wawili, kwani kazi hii si ya mama peke yake. Mtoto ndiye anayetusomea taarifa. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza hivi, na huko kusoma kwenyewe ni mazoezi. Hatumuulizi kwanza "Umepata ngapi?" bali tunamwambia "Tufundishe ulichojifunza." Akikwama, tumejua pa kuanzia. Kisha tunachagua udhaifu mmoja tu na kuushughulikia kwa dakika kumi kila siku, bila fimbo wala kumlinganisha na dada yake. Mwisho tunamwandikia mwalimu mstari mmoja wa kumjibu, kwani anayeandika kila wiki bila kujibiwa huchoka.

Yapo madarasa yenye wanafunzi wengi mno, ambamo haiwezekani mwalimu mmoja amwandikie kila mzazi. Tusimlaumu. Tufungue madaftari ya mtoto wenyewe: tarehe ya mwisho aliyoandika, alama za mwalimu, na masahihisho ambayo hayakufanywa husema mengi. Na mara moja kwa mwezi mzazi mmoja aende shule akaulize kwa adabu.

Tahadhari moja kwa wale wenye makundi ya wazazi katika simu. Yanayofundishwa darasani na yatangazwe kwa wote, lakini udhaifu wa mtoto mmoja ni siri yake na wazazi wake. Mwalimu na ampigie mzazi husika, na mzazi naye asiwaanike watoto wa wenzake. Mtoto aliyesitiriwa hujifunza bila woga, lakini aliyeaibishwa hujificha.

Madrasa tulikwishazoea kuuliza kila siku mtoto amefika wapi. Ijumaa hii, kabla gazeti hili halijakunjwa, tuuize swali hilo hilo kuhusu shule, tukiwa na daftari wazi mbele yetu, na kalamu ya saini ije mwisho.