Msimu wa Taarab Unakuja, Tuuzibe Ufa

Ndugu zangu wa Mjini na Ng'ambo, wa Unguja na Pemba, na nyinyi mlioko mbali ambao mkiulizwa kwenu wapi mnajibu Zanzibar:

Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib iliporomoka. Jumba lile la Forodhani, lililojengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash bin Said, lilimwaga sehemu yake kubwa ya mbele, na watu wawili wakapoteza maisha. Mafundi walikuwa wameshaingia kulikarabati, lakini ufa uliwatangulia. Siku ile mji mzima ulilia. Waliokuwa hawajapandisha mguu mle ndani miaka mingi walikwenda kusimama mbele ya kifusi, mikono kichwani, wakitazama kitu walichodhani kitakuwepo daima.

Sayyid Barghash hakutuachia jumba peke yake. Wazee wetu wanasimulia kwamba ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ganuni, ili arudi kupiga katika kasri. Hapo ndipo penye chimbuko la taarab yetu. Urithi mmoja wa mawe, mwingine wa nyuzi, umetoka mkono mmoja. Wa mawe uliporomoka kwa kishindo na kila mtu akasikia. Wa nyuzi nao una ufa, ila muziki ukiporomoka hautimui vumbi. Siku moja unatafuta mtu wa kupiga nai kwenye harusi ya mwanao, unaambiwa aliyekuwepo amefariki, na hakuacha mwanafunzi.

Mwezi wa Shaaban uliopita niliingia kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarab asilia. Nilifika mapema, nikamkuta mpiga ganuni peke yake ukumbini, ganuni mapajani, anaitia sauti. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na sauti moja hutolewa na nyuzi tatu kwa pamoja, kwa hiyo kila moja huzungushwa kwa ufunguo mdogo mpaka zote tatu ziseme neno moja. Mzee yule alichukua muda mrefu, sikio limeinama juu ya ubao. Nilipomsogelea niliona katika sehemu mbili tatu uzi wa rangi nyingine, mnene kidogo. Ulikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Nyuzi za ganuni haziuzwi Darajani, na zile alizoagiza zilikuwa hazijafika. Akanambia, "Mwanangu, uzi huu haujui kuimba, lakini unaziba pengo."

Siku chache baadaye nilikwenda kuwasikiliza. Viti vilikuwa vimejaa wageni, watu wazuri, wenye adabu, waliolipa kiingilio chao na kukaa kimya. Sisi wa mji tulikuwa wanne. Mwimbaji akafika kwenye ule ubeti ambao wote wanaojua Kiswahili wanajua una mtu ndani yake. Kwa kawaida hapo ndipo ukumbi unapochemka: mwanamke mmoja anainuka, anatembea taratibu na noti yake juu, harufu ya asumini na udi inamfuata, anamtunza mwimbaji huku akitupa jicho upande ambako aliyelengwa ameketi. Usiku ule hakuinuka mtu. Mwimbaji aliutazama ukumbi, akangoja kidogo, akaendelea. Makofi yalikuja mwisho wa wimbo, mengi na ya dhati. Lakini fumbo lilikuwa limeshaanguka chini, halikupata wa kuliokota.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Taarab ni muziki unaohitaji msikilizaji anayeijua lugha yake. Fidla, udi, nai na akodiani vinaweza kumfikia mtu wa taifa lolote, lakini beti zile zimetungwa kwa vina na mizani, na ndani yake mna matusi ya kistaarabu, mna maombi, mna kilio cha mtu asiyeweza kusema wazi. Nusu ya taarab inapigwa jukwaani, nusu iliyobaki inamaliziwa kwenye viti. Mgeni anaweza kuulipia wimbo, ila hawezi kuumaliza. Kazi hiyo ni yetu, na tumeiacha.

Tutajitetea kwamba tunaipenda. Kweli tunaipenda. Tunaisifu kwenye hotuba, tunajivunia kwamba Nadi Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na imepita miaka mia, kwamba Culture Musical Club ipo tangu 1958, kwamba nyimbo zao zimetolewa kwenye santuri na sidii zinazouzwa Ulaya. Tunamtaja Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, kana kwamba tulikuwa mstari wa mbele kila alipoimba. Sifa zote hizi hazinunui hata uzi mmoja.

Tukumbuke muziki huu ulivyofika mikononi mwetu. Mwanzo ulikuwa wa kasri, ukiimbwa kwa Kiarabu, mlipaji mmoja. Kisha akaja binti wa Fumba, Siti binti Saad, aliyekuwa akiuza vyungu mjini, akauimba kwa Kiswahili, na wenzake wakautia habari za mitaani. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti hiyo ikasikika mwambao mzima. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu. Tangu hapo taarab ikawa mali ya umma. Ikalelewa na vyama, na vyama vikalelewa na wanachama: walimu, makarani, mafundi cherehani, wachukuzi wa bandarini, waliotoa ada zao na jioni wakakutana kufanya mazoezi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali nayo ikashika sehemu yake.

Leo mlipaji ni nani? Kwa sehemu kubwa ni mtalii. Mwaka 2020 ulitufundisha thamani ya tegemeo hilo: ndege zilipoacha kutua kwa sababu ya korona, hoteli zilifunga, na wanamuziki wengi wakabaki na vyombo visivyo na kazi. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kulea vijana wengi wanaopiga leo, nacho kimepita katika dhiki ya fedha mpaka kikalazimika kuomba hadharani kisifungwe. Muziki uliowahi kusimama kwa ada za wachukuzi hauna sababu ya kuanguka katika mji wenye maduka na magari kama wetu.

Wapo wanaosema mambo yamebadilika, vijana wanataka kinanda na spika kubwa. Sina ugomvi na taarab ya kisasa. Imewapa riziki wengi na imejaza kumbi. Lakini tujue kinachoondoka pale ukumbi mzima unapoachiwa kinanda kimoja. Katika maqam, yaani ngazi za sauti, kama rasti na bayati zimo sauti zinazokaa baina ya kibonye na kibonye. Udi usio na vigawanyo shingoni unazitoa, fidla inazitoa, nai inazitoa kwa pumzi, kinanda cha kawaida hakina pa kuzibonyeza. Inaondoka bashraf, lile pigo la kufungulia linalowapa wapigaji wote nafasi ya kusalimiana kabla mwimbaji hajasimama. Na kunaondoka kukaa pamoja kwa makumi ya watu, wakipumua pamoja, kwa ajili ya wimbo mmoja.

Sasa msimu unakaribia. Mwezi wa Ramadhani vyombo huwekwa mifukoni. Mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama, vinatolewa. Usiku wa Idi ndio mlango. Baada ya hapo zinafuata harusi, Idi Kubwa na matamasha ya Ngome Kongwe, mpaka Shaaban nyingine. Naomba mwaka huu tusiache msimu upite kama ulivyopita uliotangulia, na ninachoomba ni mambo yanayowezekana.

Kwanza, kila nyumba ichague usiku mmoja. Mmoja tu kwa msimu mzima, mlipe kiingilio chenu, mje na mtoto na mje na bibi. Bibi atamweleza mtoto wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya nani, na hapo darasa litakuwa limeshafunguliwa. Na mkija, tunzeni.

Pili, wenye harusi. Tunakodi mapambo, tunakodi kamera, keki inapanda ghorofa. Katika bajeti hiyo wekeni watu watano wenye vyombo: udi, ganuni, fidla, nai na dumbak. Hao wanatosha kupiga bashraf bibi harusi akiingia. Aliye na uwezo mdogo aite kidumbak. Fidla, sanduku na ngoma mbili ndogo zimeshachezesha harusi nyingi za Ng'ambo kuliko spika yoyote.

Tatu, wazazi na walimu. Mtoto anayejifunza nai leo atahitaji miaka kabla ya kukaa jukwaani, na anayeweza kumfundisha tayari ana mvi. Chuo kipo, wazee wapo, kikundi cha Tausi kipo, cha kina mama na mabinti wanaoshika vyombo vyote wenyewe ili binti zetu wasidhani kazi yao ni kuimba peke yake. Skuli zetu ziwaalike wapigaji mara moja kwa muhula, ziwalipe nauli na kitu cha mkononi.

Nne, wenye hoteli na waandaaji. Mwanamuziki akipiga usiku, alipwe usiku ule ule. Malipo ya "njoo mwisho wa mwezi" ndiyo yanayomfanya fundi wa fidla amzuie mwanawe asiishike.

Tano, serikali. Tunaiomba wizara inayosimamia utamaduni na Baraza la Wawakilishi wahakikishe nyuzi na vyombo vya vikundi na skuli havitozwi bandarini kama bidhaa za anasa, na vyama vikongwe viwe na uhakika wa paa la kufanyia mazoezi. Paa likivuja juu ya ganuni, gundi inaachia, na hapa kwetu mafundi wa kuiunganisha ni wa kuhesabu.

Sita, ndugu zetu wa Muscat, Dubai, London na kwingineko. Mnaporudi kwa Idi mnabeba mabegi yaliyojaa. Tieni humo seti moja ya nyuzi za ganuni au za udi. Uzito wake haufiki boksi la tende. Mkifika, ipelekeni wenyewe kwenye klabu, mkae, msikilize mazoezi. Na walio na kaseti na santuri za wazee kabatini, huko au hapa, wazipeleke zikanakiliwe kabla ukungu haujazila.

Mwisho, nawageukia wanavyama wenyewe, kwa heshima. Tangazeni tarehe mapema, misikitini na sokoni watu wazijue. Anzeni saa mliyosema, ili mama mwenye watoto aweze kurudi kwake. Tengeni viti vya mbele kwa watu wa mji, kwa kiingilio wanachokimudu. Mtu hawezi kuja mahali ambapo hakuitwa.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Beit al-Ajaib unaweza kujengwa upya kwa chokaa, picha za zamani na fedha, kwa sababu picha zipo na vipimo vipo. Mzee wa ganuni hana ramani. Vipimo vyake vyote vimo katika sikio lile lililoinama juu ya ubao, na mtu pekee wa kumrithi ni yule atakayekaa karibu naye akiwa hai.

Kwa hiyo mwezi ukiandama, baada ya kupokea mkono wa Idi na kula kilichopikwa, vaeni, mjifukize, mtoke. Mimi nitakuwepo. Mwimbaji atakapoufikia ule ubeti, atautazama ukumbi na kungoja kidogo. Safari hii na ainuke mtu.