Kwanza Breki, Ndipo Nguvu

Mpelekee fundi Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe, umwambie inachoka mlimani. Jibu lake unalijua kabla hujazima injini: tutie pistoni kubwa. Nasema jibu hilo ni baya, na anayelilipia ni wewe na abiria wako.

Tulipime. Injini ya 1600 ina pistoni za milimita 85.5. Ukizitoa ukaweka za 88 zinazoingia bila kuchonga bloku, unapata sisi 1679 hivi. Sisi 95 za bure! Lakini tundu la bloku ni lile lile. Pistoni imenenepa kwa kula ukuta wa silinda. Ukuta mwembamba ukipata moto hupinda, ringi hazizibi tena, oili inapanda, moshi wa buluu unatoka, na nguvu uliyonunua inavuja kandokando ya pistoni.

Injini hii haina rejeta. Inapozwa na upepo wa feni na lita mbili na nusu za oili, basi. Kila nguvu ya ziada ni joto la ziada. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari: hewa ni nyepesi, injini inavuta pumzi pungufu kuliko Mombasa, na upepo wa feni unabeba joto kidogo zaidi. Katika injini za zamani silinda ya tatu ndiyo huumia mapema, kwa sababu kipozea oili kinaikingia upepo. Kiwanda chenyewe kiliona aibu hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikakihamisha kipozea na kukipa njia yake. Waliolibuni gari walihangaikia upepo. Sisi tunakimbilia pistoni.

Najua nitaitwa mlinzi wa makumbusho. Lakini nguvu naipenda. Porsche 356 ya kwanza, ya mwaka 1948, ilitumia injini ya Volkswagen ya sisi 1131. Kwa kawaida injini ile ilitoa nguvu farasi 25. Wao waliifikisha 35 hivi bila kuongeza hata sisi moja. Walishughulika na hedi, njia za hewa na mgandamizo. Kwa maneno mengine, waliifundisha injini kupumua kabla ya kuilisha.

Wenye kuabudu sisi wakumbuke pia Safari. Mwaka 1959, 1960 na 1961 mshindi alikuwa Mercedes. Mwaka 1962 Tommy Fjastad akazipita zote kwa Volkswagen 1200, gari ambalo miaka ile lilitoka kiwandani na nguvu farasi 34. Kwenye matope na mawe, gari jepesi lisilokufa njiani lilitosha kuwashinda wakubwa.

Halafu kuna jambo ambalo gereji nyingi hazilitaji: gari linalopanda litashuka. Shuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, lori mbele, matatu nyuma, ukiwa na injini iliyokuzwa mara moja na nusu na breki za dram zilizopimwa kwa nguvu farasi 34. Ongeza ekseli za nyuma za mtindo wa zamani, ambazo ukikata kona kwa kasi gurudumu hujikunja chini ya gari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa pale ni mrefu.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Kwanza breki: diski mbele, mipira mipya, tairi zisizo na ufa. Pili upozaji. Tatu, rudisha nguvu uliyoibiwa na uchakavu: rekebisha valvu, weka taimingi sawa, tazama kama kabureta inavuta hewa kwenye shafti iliyolika. Magari mengi “yanayochoka” hupona hapa, kwa bei ya chakula cha mchana cha harusi ndogo. Nne, hedi na eksozi. Pistoni ziwe za mwisho, na bloku ichongwe kwa mashine na mtu anayemiliki kipimo na anayejua kukisoma.

Kobe wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Tulio nao ndio hao. Fundi akikataa kuanza na breki, mwombe funguo zako.