Kansa Sugu na Nauli ya Kwenda Moshi



Tunapokwenda kwenye jumuiya kwa kazi za kichungaji, hakosekani mtu wa kutuonyesha kwenye simu habari ya “dawa ya nano” inayoponya kansa iliyoshindikana. Swali ni lile lile: Frateri, hii ni kweli? Sisi ni wanafunzi wa falsafa, si madaktari, lakini tunafundishwa kutenganisha kilichopo na kinachotamaniwa. Tuanze na kilichopo.

Neno nano si geni Arusha. Profesa Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, alipata tuzo kubwa ya uhandisi kutoka Uingereza mwaka 2015 kwa chujio la maji la teknolojia hiyo. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru, ambako floraidi ya maji hutia meno rangi ya kahawia, tunajua chujio hilo lina maana gani. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni 1. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika pia katika tiba ya kansa.

Baadhi ya seli za kansa zina kitu kama pampu kwenye ukuta wake: dawa ikiingia, inasukumwa nje. Hiyo ni namna mojawapo ya usugu. Wanasayansi wakafikiri: tuifunge dawa ndani ya kiputo cha mafuta, chenye upana wa nanomita 100 hivi, seli ikimeze kabla pampu haijaizuia. Tena mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, kama walivyoeleza Wajapani Matsumura na Maeda mwaka 1986, hivyo kiputo kinaweza kupenya pale kuliko kwenye moyo, ambao dawa hizi huudhuru.

Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Kwa nani? Kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye kansa ya Kaposi, ambao dawa za kawaida zilikuwa zimewashinda. Wazee wa parokia zetu wanaikumbuka Kaposi na madoa yake meusi. Yaani dawa ililenga ugonjwa ulioitesa sana Afrika Mashariki, imetimiza miaka 30, na bado wagonjwa wengi wa Kaposi barani kwetu hutibiwa kwa dawa za zamani kwa sababu ile ni ghali.

Na si muujiza. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka 10, nyingi za panya, wakakuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Mtu anayekutumia ujumbe kwamba dawa “inakwenda moja kwa moja kwenye kansa” hajakutumia hesabu hiyo. Mkoa wetu ulishapanga foleni Samunge mwaka 2011 kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Tusirudie.

Lakini linalotusumbua zaidi ni usugu mwingine. Msibani tunaambiwa, “kansa iligoma dawa.” Ukiuliza taratibu, mara nyingine unakuta marehemu alipata drip mbili kati ya sita alizopangiwa. KCMC iko Moshi, kilomita kama 80 kutoka hapa. Ukiandikiwa mionzi Ocean Road, ni zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, na mahali pa kulala ujitafutie. Mgonjwa anarudi Ngaramtoni kusubiri nauli, na uvimbe hausubiri. Hapo hakuna pampu ya kulaumu.

Akifa, ndani ya siku mbili jumuiya inapata pesa ya jeneza, turubai, basi la kwenda kuzika na chakula cha waombolezaji. Hatusemi tusizike kwa heshima. Tunasema pesa ile ilikuwepo. Mtatuambia mfuko wa wagonjwa upo. Upo, na unapeleka sukari, sabuni na rozari. Msamaria wa Injili ya Luka alimfunga yule mtu majeraha, kisha akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi akirudi. (KCMC yenyewe, mjue, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema.) Siku dawa za nano zitakaposhuka bei zitapitia hospitali hizo hizo, kwa tarehe hizo hizo za kurudi, na atakayezikosa ni yule yule.

Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti wa jumuiya: mkimtembelea mgonjwa wa kansa wiki hii, baada ya sala muulizeni tarehe yake ya kurudi kliniki. Mweka hazina aiandike kwenye daftari, na pembeni yake aandike jina la atakayempeleka.