Hesabu ya Watoto Ianzie Jikoni



Sisi tushindao ofisini na madaftari ya mishahara, twendapo likizo Ugweno, mtoto wa miaka minne hutusomea moja hadi ishirini bila kukosa, nasi twamsifu. Lakini mwambieni alete ndizi tano: huleta chane nzima. Alichokijua ni wimbo, si hesabu.

Yafaa aguse kitu kimoja kwa kila neno alitamkalo, kisha aulizwe, "Zote ni ngapi?" Maharage ya jioni yatosha. Wageni watatu wamefika: vikombe vingapi? Kimoja kimevunjika, vimebaki vingapi? Mama zao hufanya hivyo kila siku bila kujigamba, na kusema kweli wametupita sisi wenye kalamu. Akikua kidogo afundishwe bao, lenye mashimo 32 na kete 64, agawe kete moja moja. Akikosa asipigwe, ahesabu tena.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumshika kila mtoto kidole. Tena tukumbuke kwamba mwaka 1945 wazee wa Upare walikwenda Same kwa maelfu kuipinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mtu akadiriwaye mali yake naye hajui kuhesabu, atajiteteaje?

Basi jioni, kabla ya kuuliza habari za kahawa, muulizeni mtoto kuku wangapi wamelala ndani, mwende mkawahesabu pamoja.