Acheni kangomba ya kuku: jengeni banda

Ndugu mfugaji wa Masasi na Newala, leo sikupi pole.

Kila kiangazi ni yale yale. Kideri kinapita, kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, wanapinda shingo, na ndani ya siku chache kijiji hakina jogoo wa kuwika. Ukisikia kijiji jirani kuna ugonjwa, unakimbilia kuuza kwa bei yoyote. Mchuuzi anaiona hofu yako na anakupunja. Hii ina tofauti gani na kangomba? Anayekulalia kwenye korosho unamwita mwizi. Kwenye kuku unamshukuru!

"Kuku wa kienyeji anajitunza." Uongo huu ndio unaotumaliza. Chanjo ya kideri ya tone la jicho ipo, tone 1 kwa kila kuku mzima, inarudiwa kila miezi 3. Lakini nikija alfajiri na kichupa, kuku wako wako juu ya mwembe. Tunakimbizana, tunakamata 6 kati ya 15, waliobaki wanatokomea kwenye mikorosho. Kideri kikija kinawazoa hao 9, halafu unasema chanjo haifanyi kazi. Chanjo haina kosa. Kosa ni kwamba huna mlango wa kufunga.

"Nasubiri pesa za korosho ninunue saruji na bati." Usisubiri. Mianzi unayo.

1. Mita 3 kwa mita 1.5 zinatosha kuku 20. Upande mrefu ulale kutoka mashariki kwenda magharibi, jua lisiwachome ndani.
2. Inua sakafu ya fito mita 1 juu ya ardhi. Kinyesi kitadondoka chini, nawe utazoa mbolea ya bustani.
3. Kuta ziwe za mianzi iliyopasuliwa, zipitishe hewa lakini zisipitishe kicheche. Usikandike. Newala maji ni ya kununua, na nyufa za udongo ni maficho ya utitiri.
4. Paa la nyasi, vijiti vya kulalia, na kiota 1 kwa kila matetea 4 au 5.
5. Mbele zungushia uzio chini ya kivuli, ufunike juu kwa wavu chakavu. Vifaranga wakae humo na mama yao mwezi wa kwanza. Mwewe atafute pengine, na karanga za jirani zitapona.

Nawe mchuuzi, usijifiche. Tenga lako linalotoka kijiji hadi kijiji kwa pikipiki linabeba kideri. Lioshe kwa sabuni, ulianike juani. Na kila anayenunua kuku gulioni amtenge wiki 2 kabla ya kumchanganya na wengine.

Chanjo haitibu kuku aliyekwisha kuugua, kwa hiyo usiniite vifo vikianza. Jenga sasa, jioni funga mlango, kisha niite. Kuku wote watapata tone kabla jua halijapanda, na bei ya kuku wako utaipanga wewe.